Afisi ya Mkuu wa Sheria New York: Wakili wa serikali na wa umma chini ya paa moja

MNAMO Desemba 27, 2024, Mkuu wa Sheria wa jimbo la New York nchini Marekani, Bi Letitia James, alitoa hadharani kanda za video zilizonaswa na kamera ambazo askari wa jela ya Marcy huvaa kifuani. Kanda hizo, ambazo hazikuwa na sauti, zilimwonyesha mfungwa Robert Brooks, aliyekuwa na umri wa miaka 43, akipigwa na askari hao huku mikono yake ikiwa imetiwa pingu. Kipigo hicho kilitokea usiku wa Desemba 9. Bw Brooks alifariki siku iliyofuata.

Kisheria, uchunguzi wa kifo cha aina hiyo ni jukumu la afisi ya Bi James. Ilishangaza wengi, basi, alipotangaza siku chache baadaye, mapema Januari 2025, kwamba anajiondoa katika kesi hiyo na kuikabidhi kwa kiongozi wa mashtaka wa kaunti ya Onondaga, Bw William Fitzpatrick. Sababu aliyoitoa ilikuwa rahisi kuitamka lakini ngumu kuimeza: mawakili wa afisi yake mwenyewe walikuwa tayari wakiwatetea baadhi ya askari hao katika kesi nyingine ambazo wafungwa walikuwa wamewasilisha dhidi yao.

Kwa maneno mengine, orofa moja ya afisi ilitakiwa kuwashtaki watu ambao orofa nyingine ya afisi iyo hiyo ilikuwa ikiwakinga. Mtu aliyezoea kumwona Mkuu wa Sheria kama adui wa wahalifu tu huenda akauliza mambo yalifikaje hapo. Jibu limo katika namna afisi yenyewe ilivyopangwa.

Kwanza ieleweke kwamba Marekani ina wakuu wa sheria wengi. Yupo mmoja wa serikali ya kitaifa mjini Washington, ambaye huteuliwa na rais na kuisimamia Wizara ya Haki. Kisha kila mojawapo ya majimbo 50 ina wake, ambaye hapokei amri kutoka kwa yule wa Washington. Katika majimbo 43, New York ikiwemo, anayemwajiri ni mpigakura. Katika majimbo matano, yaani Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming, huteuliwa na gavana. Maine humchagua kupitia bunge lake. Tennessee, yenye desturi ya pekee, imewaachia kazi hiyo majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo.

Tofauti hii si ya juu juu. Mkuu wa Sheria wa New York huchaguliwa na wakazi wa jimbo zima kwa kipindi cha miaka minne, katika uchaguzi ule ule wa gavana, na gavana hana uwezo wa kumfuta. Matokeo ya jambo hilo yalionekana wazi mwaka 2021. Wanawake kadhaa walipomlaumu Gavana Andrew Cuomo kwa kuwadhulumu kimapenzi, gavana huyo alijaribu kwanza kuchagua mwenyewe mtu wa kumchunguza, kisha akapendekeza Mkuu wa Sheria ashirikiane na jaji mkuu kumtafuta mchunguzi. Bi James alikataa yote mawili na kudai apewe ruhusa kamili ya kisheria. Aliipata, akaajiri mawakili wawili kutoka nje ya afisi, na mnamo Agosti 3, 2021, akatoa ripoti iliyosema kwamba gavana aliwadhulumu wanawake 11. Bw Cuomo alikanusha, lakini kabla ya mwezi huo kuisha alikuwa ameondoka mamlakani.

Kejeli ya mambo ni kwamba Bw Cuomo mwenyewe alikuwa Mkuu wa Sheria kuanzia 2007 hadi 2010 kabla ya kuwa gavana. Aliyemtangulia, Bw Eliot Spitzer, pia alitoka katika afisi hiyo hadi ikulu ya Albany, ambako hakudumu: alijiuzulu Machi 2008 baada ya mwaka mmoja na miezi michache. Ndiyo maana wanasiasa wa huko hutania kwamba afisi ya Mkuu wa Sheria ni chumba cha kusubiria ugavana. Utani huo una uchungu ndani yake, kwa kuwa kila kesi kubwa inayofunguliwa huzua swali kama anayeifungua anatafuta haki au kura.

Msomaji wa Kenya anahitaji kutahadharishwa juu ya jambo moja. Nchini Kenya, kwa miaka mingi Mkuu wa Sheria alikuwa mshauri wa serikali na wakati huo huo bwana wa mashtaka yote ya jinai, akiweza hata kusimamisha kesi aliyoona haifai kuendelea. Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010, iliyagawanya mamlaka hayo. Kifungu cha 156 kilimwachia Mkuu wa Sheria kazi ya kuishauri serikali na kuiwakilisha katika kesi zisizo za jinai, nacho kifungu cha 157 kikaunda afisi huru ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. New York nayo imeyagawanya, ila kwa njia yake. Jimbo hilo lina kaunti 62, na kila kaunti humchagua kiongozi wake wa mashtaka. Hao ndio wanaowapeleka mahakamani wauaji, wezi na wanyang'anyi. Mkuu wa Sheria hana mamlaka ya jumla ya kushtaki. Huingia katika jinai pale tu sheria fulani inapomfungulia mlango, au gavana anapomwomba.

Kama hashtaki wahalifu wa kawaida, je, watumishi wake zaidi ya 1,700, wakiwemo mawakili zaidi ya 650, hufanya kazi gani?

Wengi wao hufanya kazi ambayo haitangazwi magazetini. Wamo katika idara inayoitetea serikali ya jimbo na maafisa wake. Raia akiishtaki wizara ya afya, chuo kikuu cha jimbo, idara ya magereza au gavana mwenyewe, wakili atakayesimama upande wa pili wa mahakama atatoka hapa. Kipo kitengo kinachoshughulikia kesi za kupinga maamuzi na sheria za serikali. Kipo kingine ambacho kazi yake ni kesi za fidia zinazosikizwa katika mahakama maalumu ambako raia huidai serikali pesa: mgonjwa aliyeumizwa katika hospitali ya serikali, dereva aliyepinduka kwa sababu ya barabara mbovu ya jimbo, mfungwa aliyevunjwa mbavu.

Humo humo mna kitengo cha kukusanya madeni ya serikali. Miongoni mwa wanaodaiwa ni waliokuwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya jimbo ambao hawakumaliza kulipa karo. Si ajabu basi kijana mmoja kupokea barua ya kudaiwa kutoka kwa Mkuu wa Sheria wiki ile ile ambayo Mkuu wa Sheria huyo anahutubia wanahabari kuhusu kampuni zinazowaonea wadeni.

Sheria ya jimbo inalazimisha utetezi huu. Mtumishi wa serikali akishtakiwa katika kesi ya madai kwa jambo alilolitenda kazini, ana haki ya kutetewa na jimbo. Pakiwa na mgongano wa maslahi, mtumishi huyo huruhusiwa kuwa na wakili wa kibinafsi ambaye jimbo humlipa. Wenye kuitetea kanuni hii husema kwamba bila hiyo hakuna mtu mwenye akili timamu angekubali kuwa askari jela, muuguzi wa wagonjwa wa akili au mfanyakazi wa kuwaokoa watoto kutoka kwa wazazi katili, kwani mshahara wake wote ungeishia kwa mawakili. Hoja hiyo ina uzito. Lakini ndiyo kanuni iliyowaweka askari wa Marcy kwenye orodha ya wateja wa Bi James kabla hata Bw Brooks hajafa.

Jela na afisi hii zina historia ndefu na chungu. Septemba 1971, wafungwa wa jela ya Attica, magharibi mwa jimbo, waliasi na kuwashika mateka askari na wafanyakazi. Siku ya nne baadaye, Septemba 13, Gavana Nelson Rockefeller akiwa madarakani, polisi wa jimbo waliivamia jela kwa risasi. Wafungwa 29 na mateka 10 waliuawa siku hiyo, na idadi ya waliokufa katika mkasa mzima ikafikia 43. Kazi ya kuchunguza jinai zilizotendeka ilipewa afisi ya Mkuu wa Sheria, wakati huo Bw Louis Lefkowitz, aliyeishika kwa miaka 22. Wafungwa 62 walifunguliwa mashtaka. Kwa upande wa waliofyatua risasi, alishtakiwa askari polisi mmoja tu. Wakili mmoja wa kundi hilo la mashtaka, Bw Malcolm Bell, alijiuzulu akilalamika kwamba makosa ya polisi yalikuwa yakifunikwa. Siku ya mwisho ya mwaka 1976, Gavana Hugh Carey aliifunga sura hiyo kwa kuwasamehe wafungwa na kuzuia hatua dhidi ya polisi.

Wakati huo huo, mwaka 1974, wafungwa waliokuwa Attica walikuwa wamewasilisha kesi ya kudai fidia. Kesi hiyo ilivutwa kwa miaka 26. Ni mwaka 2000 tu, Bw Spitzer akiwa Mkuu wa Sheria, jimbo lilipokubali kulipa dola milioni 12, milioni nane zikienda kwa wafungwa na nne kwa mawakili wao. Familia za mateka waliouawa zilikubaliwa dola milioni 12 miaka mitano baadaye. Baadhi ya waliopigwa mwaka 1971 walikuwa wamekwisha kuzikwa.

Upande wa pili wa afisi ndio unaoipa sifa. Hapa Mkuu wa Sheria huacha kuwa wakili wa serikali na kuwa wakili wa umma, na kazi imegawanywa katika idara mbili kubwa, moja ya haki za kiuchumi na nyingine ya haki za kijamii.

Idara ya uchumi ina silaha ambayo majimbo mengine huitamani. Ni sheria iitwayo Martin Act, iliyopitishwa mwaka 1921 ili kuwakabili walaghai wa hisa. Inampa Mkuu wa Sheria uwezo wa kudai nyaraka na kuwahoji watu kwa kiapo kabla hata ya kufungua kesi, na katika kesi ya madai hahitaji kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikusudia kudanganya. Kwa miongo mingi ilitumiwa kwa unyenyekevu. Bw Spitzer aliifuta vumbi. Wachunguzi wake walipekua barua pepe za wachambuzi wa benki ya Merrill Lynch na kukuta wakizidharau faraghani hisa zile zile walizokuwa wakiwahimiza wateja wanunue. Mwaka 2002 benki hiyo ilikubali kulipa dola milioni 100, na mwaka uliofuata kampuni kumi za Wall Street ziliingia katika mapatano ya dola bilioni 1.4 na wasimamizi wa taifa na wa majimbo.

Sheria hiyo hiyo ina kazi nyingine isiyo na mvuto wa magazeti. Yeyote anayetaka kuuza nyumba katika jengo jipya la ghorofa zenye wamiliki wengi lazima kwanza awasilishe mpango wake kwa Mkuu wa Sheria, akieleza hali ya jengo, gharama na hatari zake. Kitengo kizima hukaa kikisoma mafaili hayo. Ukiwauliza wakazi wa jiji la New York ni lini walikutana na afisi hii, wengi wangetaja hapo.

Ipo pia sheria ya mwaka 1956 inayomruhusu Mkuu wa Sheria kuishtaki kampuni yoyote inayorudia rudia ulaghai au uvunjaji sheria katika biashara. Ndiyo aliyoitumia Bi James Septemba 2022 kumshtaki Bw Donald Trump na kampuni yake kwa kuzidisha thamani ya mali yao. Februari 2024 jaji aliamuru walipe zaidi ya dola milioni 350 kabla ya riba. Agosti 2025 mahakama ya rufaa ilifutilia mbali faini hiyo ikisema imepita kiasi, ingawa iliuacha uamuzi kwamba ulaghai ulitendeka, na mvutano ukahamia mahakama ya juu zaidi ya jimbo. Wakosoaji wa Bi James hawajasahau kwamba alipoomba kura mwaka 2018 aliahidi kumwandama Bw Trump. Wanaomtetea husema mahakama ndizo zilizopima ushahidi. Pande zote mbili zina la kusema, na hilo ndilo gharama ya kumweka wakili wa umma kwenye karatasi ya kura.

Idara ya haki za kijamii ina vitengo vya haki za raia, mazingira, afya, wafanyakazi na mashirika ya hisani. Hiki cha mwisho kinastahili kutajwa kwa kuwa mamlaka yake huwashangaza wengi. Shirika lolote la hisani lililosajiliwa New York liko chini ya jicho la Mkuu wa Sheria, hata kama makao yake yamehamia kwingine. Chama cha wamiliki wa bunduki NRA, kilichoundwa huko mwaka 1871, kiliujua ukweli huo Agosti 2020 kiliposhtakiwa kwa matumizi mabaya ya pesa. Mkuu wa Sheria alitaka kivunjwe kabisa. Jaji alikataa mwaka 2022. Lakini Februari 2024 jopo la raia lilimwamuru aliyekuwa kiongozi wake kwa miaka mingi, Bw Wayne LaPierre, akirudishie chama hicho zaidi ya dola milioni nne.

Kati ya pande hizi mbili kuna idara ndogo ya rufaa na ushauri, ambayo mawakili wengine huitazama kwa wivu. Huongozwa na wakili mkuu wa rufaa, na kila kesi ya afisi inayopanda mahakama za juu hupitia mezani pake, iwe afisi ilikuwa ikitetea au ikishtaki. Kwa hiyo ndipo mahali pekee ambapo sauti mbili za afisi hulazimika kupatanishwa. Haiwezekani wakili mmoja aiambie mahakama ya rufaa kwamba sheria fulani ina maana pana, kisha wiki ijayo mwenzake aseme ina maana finyu kwa sababu mteja amebadilika. Bi Barbara Underwood, aliyeanza kuiongoza idara hiyo mwaka 2007, alifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 2019 alishinda kesi ya kuzuia swali la uraia lisitiwe katika fomu za kuhesabu watu. Mwaka 2022 jimbo likashindwa katika kesi kuhusu vibali vya kubeba bastola. Alikuwa pia mwanamke wa kwanza kushika wadhifa wa Mkuu wa Sheria wa jimbo hilo, kwa muda, baada ya Bw Eric Schneiderman kujiuzulu Mei 2018.

Idara hiyo pia hutoa maoni ya kisheria kwa mashirika ya serikali na mabaraza ya miji yanapokwama kuhusu maana ya sheria. Mwananchi wa kawaida hawezi kuomba maoni hayo.

Sasa turudi kwenye jinai. Milango ya jinai ambayo Mkuu wa Sheria amefunguliwa ilifunguliwa mmoja mmoja, kila mara baada ya kashfa. Mwaka 1970 kiliundwa kikosi cha kupambana na magenge makubwa ya wahalifu yaliyokuwa yakivuka mipaka ya kaunti. Mwaka 1975, baada ya kufichuka kwa uozo katika makao ya wazee, aliteuliwa mshtaki maalumu ambaye kazi yake ilizaa kitengo cha kupambana na wizi wa pesa za Medicaid, bima ya afya ya watu wasio na uwezo. Asilimia 75 ya gharama za kitengo cha aina hiyo hulipwa na serikali ya kitaifa. Kitengo hiki kina wachunguzi, wahasibu na wauguzi wanaofanya kazi bega kwa bega na mawakili, na kinaweza kushtaki kwa jinai na kudai pesa zirudishwe, yote kwa pamoja.

Mlango wa hivi karibuni ulifunguliwa na kifo cha Bw Eric Garner, aliyekabwa koo na polisi wa jiji la New York Julai 17, 2014, akisema hawezi kupumua. Jopo la raia lililosikiza ushahidi chini ya kiongozi wa mashtaka wa eneo hilo lilikataa kumshtaki polisi yeyote. Familia za waliouawa zilihoji: kiongozi wa mashtaka anayewategemea polisi kila siku kwa ushahidi atawashtaki vipi? Julai 2015 Gavana Cuomo alitoa agizo la kumkabidhi Mkuu wa Sheria vifo vya raia wasio na silaha mikononi mwa polisi. Bunge la jimbo likaligeuza agizo hilo kuwa sheria pana zaidi, iliyoanza kutumika Aprili 1, 2021. Tangu hapo, kila kifo kinachosababishwa na polisi au askari jela huchunguzwa na kitengo maalumu cha Mkuu wa Sheria, nacho kisipofungua mashtaka hulazimika kutoa ripoti kwa umma.

Mpango huo una mantiki, lakini una ufa. Polisi wa jiji la New York wanapodaiwa fidia hutetewa na mawakili wa jiji, kwa hivyo Mkuu wa Sheria anaweza kuwachunguza bila ya kujikwaa. Askari jela na polisi wa jimbo ni watumishi wa jimbo. Wakili wao wa kisheria ni yeye. Dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kaunti, ya kumwondoa mshtaki aliye karibu mno na mshukiwa, iliuhamishia ugonjwa huo Albany kila mshukiwa anapokuwa mtumishi wa jimbo.

Kwa kawaida afisi hujilinda kwa kuta. Mawakili wa utetezi hawasomi mafaili ya wachunguzi, wala wachunguzi hawasomi ya watetezi. Mara nyingine kuta hizo hutosha. Januari 2021, kwa mfano, afisi ilitoa ripoti iliyosema wizara ya afya ya jimbo ilikuwa imepunguza idadi ya wazee waliofariki kwa Covid-19 kutoka makao yao, huenda kwa kiasi cha nusu, ilhali wizara hiyo ni mteja wake wa miaka yote. Katika kesi ya Marcy kuta zilionekana fupi mno. Hapakuwa na namna ya kumweleza baba wa marehemu kwamba mawakili wa jengo moja wangewaita askari wale wale wauaji asubuhi na watumishi waaminifu alasiri.

Bw Fitzpatrick aliendelea na kazi. Februari 2025 askari jela kadhaa walifunguliwa mashtaka, sita kati yao ya mauaji. Baadhi walikiri mashtaka mepesi zaidi. Oktoba 2025 mmoja alipatikana na hatia ya mauaji, na wawili walioshtakiwa pamoja naye wakaachiliwa. Mfungwa mwingine alipokufa Machi 2025 katika jela iliyo jirani na Marcy, kesi hiyo nayo ilienda kwa Bw Fitzpatrick kwa njia iyo hiyo. Kiongozi wa mashtaka wa kaunti, yule yule ambaye sheria ya 2021 ilikusudia kumpokonya kesi za namna hii, ndiye aliyekimbiliwa.

Kwa mkazi wa kawaida, haya yote hukutana kwenye kaunta. Afisi ina makao mawili makuu, Albany na jiji la New York, na matawi kutoka Buffalo magharibi hadi Plattsburgh karibu na mpaka wa Canada, na pia Harlem na Brooklyn. Aliyeuziwa gari jipya lenye kasoro isiyorekebishika anaweza kuomba usuluhishi huko. Mhamiaji aliyetozwa pesa na tapeli aliyejifanya wakili wa uhamiaji anaweza kulalamika huko. Asitarajie kupewa wakili wake binafsi. Afisi hujaribu kusuluhisha, na ikiona malalamiko ya aina moja yamezidi hufungua kesi kwa niaba ya wote.

Aliyeumizwa na gari la serikali ya jimbo naye huanzia kwenye afisi hiyo. Sheria inampa siku 90 tangu alipoumia kumfikishia Mkuu wa Sheria karatasi za madai au ilani ya kwamba anakusudia kudai, ama kwa mkono ama kwa barua iliyosajiliwa yenye stakabadhi ya kupokelewa. Akitumia barua ya kawaida, au akifika siku ya 91, kesi yake huenda ikatupwa nje kabla ya jeraha lake kutajwa, na wakili atakayemwomba jaji aitupe atakuwa ni wa afisi ile ile iliyozipokea karatasi.